Tangu Lini Mtoto Huyu Yuko Hivi?

Mazungumzo ya ibada kutoka Lunga Lunga, kama yalivyosomwa redioni
Somo: Marko 9:14–29

Ninawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo, ninyi mlio Lunga Lunga na Vanga, Mwereni na Kikoneni, na ninyi ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, Horohoro hata Tanga, ambao sauti hii huwafikia bila kuulizwa pasipoti.

Leo nataka tuzungumze juu ya mtoto ambaye kila kijiji kinamjua. Ni yule anayetumwa dukani kununua chumvi akarudi na kinyonga mkononi. Chumvi hana, wala ile shilingi hamsini hajui imeangukia wapi. Darasani yeye ndiye wa kwanza kujibu, hata kabla mwalimu hajamaliza kuuliza, na jibu lenyewe ni la swali jingine. Kalamu tatu zimepotea kwa juma moja. Akiketi, miguu yake huendelea na safari. Akipanda mkorosho, hashuki kwa njia aliyopandia, na mkono umekwisha kuvunjika mara mbili. Mama yake akiona mgeni anakuja, moyo humwenda mbio, kwa maana ajua kwamba mgeni huyo ataaga akisema, "Mama, huyu mtoto wako umemlea vipi?"

Na yuko wa pili, ambaye hatumsemi kwa sababu hasumbui mtu. Mara nyingi ni msichana. Ameketi kimya, macho yako ubaoni, lakini akili yake imekwisha kuvuka mto Umba. Ukimwita jina hushtuka. Kazi huianza vizuri, ikafika nusu, akaiacha. Mwalimu huandika kwenye ripoti kwamba ni mvivu, angeweza kama angetaka. Yule wa kwanza apigwa. Huyu wa pili asahauliwa. Sijui ni lipi baya zaidi.

Madaktari wana jina la hali hii inayowapata watoto hawa wote wawili. Huiita kwa herufi nne, ADHD, nasi kwa lugha yetu twaweza kusema ni upungufu wa umakini pamoja na kutotulia kupita kiasi. Kwa mtoto mmoja huonekana zaidi kutotulia, kwa mwingine huonekana zaidi kutokuwa makini, na wengine wana yote mawili. Si jambo la juzi. Daktari mmoja wa Uskoti, Alexander Crichton, aliandika habari za watu wasioweza kushikilia jambo moja akilini, na hiyo ilikuwa mwaka 1798. Mwaka 1902 daktari wa watoto, George Still, alisimama mbele ya madaktari wenzake London akaeleza habari za watoto wenye akili timamu ambao hawawezi kujizuia. Lakini hata yeye, pamoja na elimu yake yote, alidhani kasoro iko katika maadili yao. Ilichukua miaka mingi tena kufahamu kwamba jambo lenyewe liko katika ubongo. Zile sehemu zinazomsaidia mtu kungoja, kujizuia, na kukumbuka alichotumwa, kwa watoto hawa hukomaa kwa kuchelewa na kufanya kazi kwa namna nyingine.

Hesabu za dunia zakadiria kwamba watoto kama 5 katika kila 100 wana hali hii, na watu wazima kama 2 au 3 katika kila 100. Basi mwalimu mwenye darasa la watoto 60, na madarasa hayo tunayajua, huenda anao watatu mbele yake. Hali hii huenda sana katika ukoo, kutoka kwa baba au mama kwenda kwa mtoto. Hailetwi na sukari ya chai. Hailetwi na mama asiyejua kuchapa.

Sasa tutazame somo letu. Marko aeleza kwamba Bwana Yesu alishuka mlimani akakuta fujo. Wanafunzi wameshindwa kumsaidia mtoto mmoja, waandishi wanabishana nao, mkutano mkubwa umezunguka, na huko pembeni yuko baba mtu na mwanawe. Hebu fikirini jambo hilo. Watu wazima, wenye elimu ya dini, wanabishana juu ya mtoto mgonjwa, naye mtoto yuko pale pale. Mtoto akaletwa mbele ya Yesu, akaanguka chini akigaagaa. Na hapo, kabla ya kufanya lolote, Bwana anamgeukia baba na kumwuliza mambo haya yalimwanza mtoto lini. Baba anajibu kwamba ni tangu utotoni, kisha anaendelea kueleza moto na maji na yote aliyoyaona.

Nawasihi msinielewe vibaya. Sisemi kwamba mtoto mtukutu ana pepo. Mtoto wa Marko 9 alikuwa akianguka na kutokwa na povu. Mtoto wetu wa kinyonga haanguki wala hatokwi na povu. Nimelichagua somo hili kwa ajili ya lile swali. Yeye ambaye twaamini ajua yote hakuona haya kumwuliza mzazi. Alimpa nafasi ya kueleza, tena mbele ya watu waliokuwa wakibishana muda wote huo. Na ajabu ni kwamba swali hilo hilo, la tangu lini, ndilo ambalo daktari mwenye ujuzi wa ADHD huanza nalo hata leo, kwa sababu hali hii huanza utotoni. Dalili zake hazina budi kuwa zilionekana kabla ya miaka 12.

Mama mmoja wa upande wa huku kwetu amenipa ruhusa kueleza habari zake, mradi nisimtaje, nami nimegeuza mambo mawili matatu asitambulike. Mwanawe alikuwa na miaka 9 na alikuwa katika shule ya tatu. Jirani akashauri waende kwa mganga. Mganga akataka kuku mweusi na shilingi elfu nne, akamvisha kijana hirizi, ambayo kijana aliifungua siku ya pili apate kuona kilichomo ndani. Basi mama akaona afadhali maombi. Wakaenda mahali fulani, sitapataja, mtoto akafungishwa siku mbili bila kula, na wanaume wanne wakamshika mabega wakimkemea hadi usiku wa manane. Kijana alitoka pale ametulia kweli. Alitulia kwa njaa na hofu. Siku ya nne alikuwa vile vile kama zamani, ila sasa alianza kukojoa kitandani.

Mama huyu alipata msaada kwa njia ya ule mkono uliovunjika. Alimpeleka hospitali mara ya pili, na afisa wa tiba aliyekuwa akiufunga hakuishia kwenye mkono. Alitaka kujua mtoto huumia mara ngapi, hulala vipi, shuleni wasemaje, na tangu lini yuko hivi. "Mchungaji," mama akaniambia, "nililia pale pale. Miaka sita watu walikuwa wakinieleza mtoto wangu ni nani. Yule alikuwa wa kwanza kuniuliza."

Wapendwa, maombi ni kazi yangu, nami sitaacha kuwaombea watoto. Lakini kumnyima mtoto chakula na kumshika kwa nguvu si maombi, hata kama jina la Yesu limetajwa mara mia. Na fimbo nayo? Fimbo ilikatazwa katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza kumtesa mwanafunzi kwa mwili au kwa maneno. Hata tukiiacha sheria kando, hebu tutazame matokeo. Mtoto aliyesahau chumvi akachapwa, atakikumbuka kiboko, na chumvi bado hana. Ukiona mtoto anateswa, nyumbani au shuleni, iko simu ya watoto ya bure hapa Kenya, namba 116, ambayo mtoto mwenyewe au jirani aweza kuipiga.

Basi mzazi afanye nini? Najua wengi wenu mnaonisikiliza mko mbali na Nairobi, na madaktari bingwa wa akili za watoto ni wachache, na wengi wao wako huko. Lakini safari haianzii Nairobi.

Safari huanza na daftari la shilingi ishirini. Kwa majuma mawili andika unayoyaona. Usiandike "alikuwa mbaya leo"; hayo hayamsaidii daktari. Andika jambo lilivyotukia: alitumwa maji mara tatu akasahau mara mbili, aliketi kula dakika kadhaa akaondoka, alivuka barabara kuu bila kutazama. Andika ilikuwa saa ngapi na nini kilitangulia. Andika pia mazuri, kwa maana yako: alikaa saa nzima akiitengeneza baiskeli ya babu, wala hakuinua kichwa. Wazazi wengi hushangaa na kusema, kama aweza kukaa kwa baiskeli, basi kwa hesabu anajifanya. La hasha. Mtoto wa namna hii hushikwa na kinachompendeza hata asisikie akiitwa, na kwa kisichompendeza hawezi kujilazimisha kama wenzake. Hiyo ni sehemu ya hali yenyewe. Ikiwa hujui kuandika, yuko kijana nyumbani awezaye kukuandikia.

Kisha mwombe mwalimu barua. Zungumza naye kwa upole, kwa sababu naye amechoka. Mwambie unataka kufahamu, hukuja kulalamika. Barua ya mwalimu yahitajika sana, maana daktari hawezi kusema ni ADHD ikiwa mambo haya yaonekana mahali pamoja tu. Mtoto anayesumbua shuleni peke yake huenda ana tatizo na shule; anayesumbua nyumbani peke yake, huenda nyumbani mna jambo. Dalili zapaswa kuonekana mahali pawili au zaidi, kwa miezi sita au zaidi, na kupita kiasi cha watoto wa umri wake. Kwa maana kila mtoto wa miaka minne hukimbia, na asiyekimbia ndiye wa kutiliwa shaka.

Ukiwa na daftari, barua, na kile kitabu cha kliniki cha utotoni kama bado unacho, nenda hospitali ya hapa Lunga Lunga au zahanati iliyo karibu nawe. Kama safari ni ngumu, anza na mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita vijijini. Hao serikali iliwatawanya nchini kwa wingi mwaka 2023, nao wajua njia. Hapo kwanza watatazama mambo mengine, wala usione wanakupotezea wakati. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Asiyeona ubao huonekana mzembe. Mwenye minyoo na upungufu wa damu husinzia, na asiyelala vizuri usiku huwa na fujo mchana. Iko aina ya kifafa ambayo haimwangushi mtoto. Yeye huduwaa tu kwa sekunde chache, mara nyingi kwa siku, na watu husema anaota ndoto. Uko msiba, iko njaa, yuko mtoto anayedhulumiwa na mtu mzima na hawezi kusema. Na kwa sisi wa pwani liko jambo la malaria. Watafiti wa Kilifi na wa Kampala wameonyesha kwamba malaria iliyopanda ubongoni yaweza kumwacha mtoto na shida ya umakini hata baada ya kupona. Kwa hiyo kama mwanao aliwahi kulazwa akiwa hana fahamu, mweleze daktari, hata kama ni miaka mingi imepita.

Kutoka hapo waweza kuandikiwa barua kwenda hospitali ya rufaa ya Msambweni, na ikibidi hata Hospitali Kuu ya Pwani kule Mombasa. Hiyo ni matatu hadi Likoni, kivuko, na matatu tena. Kwa mama mwenye mtoto asiyetulia, kivuko peke yake ni majaribu. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Jueni pia kwamba hakuna kipimo cha damu cha ADHD, wala picha ya kichwa inayoionyesha. Hutambuliwa kwa maswali, kwa uangalifu, na kwa kulinganisha maneno ya nyumbani na ya shuleni. Mtu akikuambia ana mashine ya kuiona, au akikuuzia chupa ya dawa ya majani iliyobandikwa tangazo kwenye nguzo ya stima, funga kibeti chako. Hali kadhalika zile sauti na video zinazozunguka kwenye simu. Nyingine ni za kweli, nyingine zauza kitu. Zitumie kukuletea maswali, kisha maswali yapeleke kwa mtu aliyesomea.

Kwa upande wa shule, viko vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu ya kujifunza, vinavyojulikana kwa herufi EARC, vilivyoanza nchini mwaka 1984. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza. Chuo cha KISE kule Kasarani, kilichoanzishwa mwaka 1986, hufundisha walimu kazi hiyo. Tafadhali, mwalimu mkuu unayenisikiliza, uliza kama yuko mwalimu katika shule yako aliyepitia mafunzo hayo. Wengine wako, wamewekwa kufundisha somo lingine, na hakuna anayewauliza.

Na tiba ipo? Ipo. Kwa watoto wadogo, walio chini ya miaka sita, jambo la kwanza ni kumfundisha mzazi, na mengi ya hayo hayana gharama. Mwite mtoto jina, akutazame, kisha mpe agizo moja. Usimwambie, "Fungia kuku, uchote maji, upitie kwa shangazi uchukue ungo." Kuku watafungwa, labda. Mpe moja, akimaliza msifu hapo hapo, umpe la pili. Sifa ya jioni kwa tendo la asubuhi imekwisha kupoa. Siku iwe na utaratibu usiobadilika: kuoga, kula, kazi ya shule, mchezo, kulala. Kazi ya shule ikatwe vipande vipande, na kati ya kipande na kipande akimbie hadi mnazini na kurudi. Shuleni akae mbele karibu na mwalimu, mbali na mlango, na ndiye awe mwenye kufuta ubao na kukusanya madaftari. Mwili wake wataka kazi, basi upewe kazi.

Ziko dawa pia, na iliyojulikana zaidi huitwa methylphenidate. Hudhibitiwa kwa sheria, hutolewa kwa agizo la daktari baada ya uchunguzi, na wengi huwasaidia kweli. Haimfanyi mtoto kuwa zezeta; ikimfanya mzito au mwenye huzuni, rudi kwa daktari aipunguze au aibadilishe. Yaweza kupunguza hamu ya kula na kuchelewesha usingizi, kwa hiyo mtoto hupimwa uzito, urefu na mapigo ya moyo mara kwa mara. Usimpe mtoto wa jirani hata kidonge kimoja. Na mtu asikwambie kwamba kumpa mtoto dawa ni kukosa imani; mtu huyo huyo nimemwona akivaa miwani.

Wengine husikia haya wakadhani mtoto amekwisha kuhukumiwa. Yuko mwogeleaji wa Marekani, Michael Phelps, aliyetambuliwa kuwa na ADHD akiwa na miaka 9. Alikuja kupata nishani 28 za Olimpiki, 23 kati yake za dhahabu. Simtaji ili kila mzazi wa Vanga amtupe mwanawe baharini akingoja dhahabu. Namtaja kwa sababu mtoto yule hakupona ADHD ndipo akaogelea. Alipewa kidimbwi na watu waliomvumilia, na hali yake akawa nayo.

Sasa nizungumze nawe uliye mtu mzima, maana wengi wadhani jambo hili huisha ndevu zinapoota. Kwa baadhi hupungua. Kwa wengi hubaki, ila hubadilika sura. Kukimbia kwa miguu hugeuka kuwa kukimbia kwa mawazo. Baba wa yule kijana wa hirizi ni mwendesha bodaboda. Aliandamana nao safari ya pili, akaketi kando akisikiliza mkewe akiulizwa maswali juu ya mtoto: huanza kazi bila kumaliza? Hupoteza vitu? Hukatiza wengine maneno? Hushindwa kungoja zamu? Kila swali likiisha, mzee alikuwa akiinamisha kichwa. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Daktari, hayo yote ni mimi." Kazi nne katika miaka mitatu. Leseni iliyoisha muda, na faini juu yake. Deni la pikipiki ambalo pesa zake alikuwa nazo, akasahau kulipa. Nyumbani aliitwa mtu asiyejali. Naye alikuwa amekubali kwamba ndivyo alivyo.

Wako kina mama pia: sufuria imeungua tena, ada imelipwa siku moja baada ya watoto kufukuzwa, simu iko ndani ya unga. Wako wazee wa kanisa ambao kila kikao huwasili tunaposema neema. Tumezoea kuwacheka. Mtu aliyechekwa kwa miaka thelathini huanza kujidharau, na ajidharauye hutafuta kitu cha kumtuliza. Muguka na miraa humchangamsha mtu kwa saa chache, na huenda wengine wametafunia hapo shida ambayo hawakupata kuelezwa jina lake. Hiyo si tiba, nao ulevi una njia zake za kudai malipo.

Mtu mzima naye aweza kuchunguzwa, na kusaidiwa kwa ushauri na kwa dawa. Kwa mtoto daktari hutafuta dalili sita au zaidi za aina moja. Kwa aliyefikisha miaka 17, tano zatosha, lakini lazima zionekane kuwa zilianza utotoni. Kwa hiyo swali la Bwana larudi: tangu lini? Kama usahaulifu wako ulianza mwaka jana ulipofiwa, au tangu ulipoanza kukosa usingizi, huenda ni huzuni au ni maradhi mengine, nayo yana matibabu yake. Ulizia mama yako, ulizia shangazi aliyekulea. Wazee hukumbuka vizuri utundu wa mtu.

Nilisema nitarudi kwenye kivuko. Katika ile safari ya Mombasa, mama yetu yule hakwenda peke yake mara ya pili. Kina mama wawili wa Umoja wa Akina Mama walikwenda naye. Mmoja alibeba chakula na yule mwingine kazi yake ilikuwa moja tu, kumshika kijana mkono kwenye kivuko na kumhesabia meli. Nauli ilichangwa na watu ambao hawakutangazwa majina. Mimi naona kazi ile ilikuwa kubwa kuliko semina nyingi tulizokwisha kufanya. Makanisa yetu yaweza kufanya hivyo bila kungoja barua kutoka kwa Askofu. Mwalimu wa Shule ya Jumapili aweza kumpa mtoto huyu kapu la sadaka alibebe, badala ya kumsimamisha pembeni. Mzee aliye kwenye benchi la mbele aweza kuacha kugeuka na kumkazia mama macho. Na sisi wahubiri, tukiona watoto watatu wametoka nje wakati wa mahubiri, tuangalie pia saa zetu.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia saa nane mchana, baraza ya kanisa letu hapa Lunga Lunga iko wazi kwa wazazi wa watoto wa namna hii, na kwa watu wazima wanaojitambua katika haya niliyosema. Hatuhubiri siku hiyo. Tunakaa mkekani, tunasomeana madaftari, aliyekwisha kufika Msambweni anamweleza anayekwenda kesho ni mlango gani wa kuingilia na ni karatasi gani ya kubeba. Nusu ya wanaokuja ni majirani zetu Waislamu, na karibuni sana. Chai ipo, na mihogo. Mje na watoto. Upo mpira, na iko kengele ya kanisa, ambayo saa tisa kamili yahitaji mtu wa kuipiga kwa nguvu zake zote.

Bwana awe nanyi. Kwaherini.